Motokiltere ao trakta? Somo la kupima shamba mbele ya kununua masini



Kila mwaka, mbele ya majira A kuanza, ulizo moja linarudia katika mikutano: tununue trakta ao motokiltere? Mara mingi mazungumuzo yanakuwa moto. Wamoja wanasema trakta iko na nguvu, inalima mbio, tena inaletea koperative heshima. Wengine wanasema motokiltere iko bei ya chini na kijana yeyote anaweza kujifunza kuiendesha. Wote wanasema kweli. Lakini masini haichaguliwi kwa nguvu yake peke yake, wala kwa bei yake peke yake. Inachaguliwa kufuatana na shamba lenye itaingia.

Katika somo hili tutajifunza kupima kitu kimoja chenye watu wengi wanasahau: wakati wenye kupotea kila mara masini inafika ku mwisho wa mustari na kugeuka. Kitu hicho kidogo ndicho chenye kuamua kama deni la masini litalipwa ao hapana.

Mifano yetu inatoka katika Bonde la Ruzizi, kati ya Kamanyola na Uvira. Kule tunakuta mashamba ya namna mbili: vishamba vidogo vya mupunga vyenye kuzungukwa na digeti, na mashamba makubwa ya mahindi na mihogo kwenye udongo wa sawasawa. Wale wenye kulima ku milima ya Kabare, Walungu ao Masisi watapata sehemu yao katika namba 5.

1. Namna mbili za kugeuka

Trakta ya magurudumu 4 yenye tunaona sana kwetu iko na uzito wa tone 2 na nusu mpaka 3 na nusu. Inageuka kwa magurudumu ya mbele. Ikifika ku mwisho, shofere anainua jembe, anakata kona, mara mingi anarudi nyuma kidogo, kiisha anashusha jembe tena. Kwa kazi hiyo inaomba nafasi ya metre 6 hivi ku kila mwisho wa shamba. Nafasi hiyo hailimwi pamoja na mistari mingine.

Motokiltere iko na magurudumu 2, na mutu anaiendesha akitembea nyuma yake. Moteri yake ni ya mazutu, ya nguvu ya farasi 8 mpaka 15. Chini ya kila mukono wa kushikia kuko kifimbo kidogo cha ambreyaji. Ukikamata kile cha kushoto, gurudumu la kushoto linaachiliwa, la kuume linaendelea kusukuma, na masini inazunguka kwenda kushoto karibu fasi ileile. Metre 2 zinatosha.

Ulizo hili haliko letu peke yetu. Kule Marekani, watu wenye viwanja vikubwa vya majani mbele ya nyumba wanaulizana vilevile: trakta ndogo ya kukata majani, ao ile masini yenye kugeuka fasi moja? Ile masini iko na fimbo mbili, na kila fimbo inaamuru gurudumu moja la nyuma. Ukisukuma moja mbele na kuvuta ingine nyuma, inazunguka pale pale. Katika uwanja wenye miti na maua mingi, inaishinda trakta. Lakini inajua kukata majani tu, na ku mutelemuko ao ku majani yenye maji inaweza kuteleza, juu magurudumu yake ya mbele yanafuata tu, hayaongozi. Trakta ndogo inachelewa kuzunguka miti, lakini inaweza pia kuvuta remorke. Basi hata kule jibu linatoka katika uwanja wenyewe.

2. Hesabu ya shamba dogo

Tuchukue shamba la mupunga la urefu wa metre 25 na upana wa metre 20. Ni metre kare 500, maana yake ari 5.

Trakta: tuseme jembe lake linakata sentimetre 90. Kwa kumaliza upana wa metre 20, inaomba kupita mara 22 hivi. Ikienda kilometre 5 kwa saa, inafanya metre 83 kwa dakika. Lakini kumbukeni zile metre 6 za kugeukia ku kila mwisho. Ku urefu wa metre 25 kunabakia metre 13 tu za kulima. Metre 13 zinaomba sekunde 10 hivi. Kugeuka, kuinua na kushusha jembe kunaomba sekunde 40. Kila mustari unakula sekunde 50: 10 za kulima, 40 za kugeuka. Mara 22, ni dakika 18. Katika dakika hizo 18, jembe lilikuwa ndani ya udongo dakika 4 tu.

Tena haijamaliza. Imelima metre 13 kwa 20, ni metre kare 260. Metre kare 240 zimebakia ku miisho miwili, karibu nusu ya shamba. Shofere anaweza kujaribu kulima miisho kwa kukingamisha, lakini digeti zinamufunga. Nani atamaliza? Tunajua wote: ni wamama, na jembe la mukono. Koperative imelipa trakta, na wamama wamebakia na nusu ya kazi. Mutu akiwaambia kama trakta inamaliza ari 5 kwa dakika 18, mumuulize hilo.

Motokiltere: tuseme freze yake, yale meno ya kuzunguka, inakata sentimetre 60. Inapita mara 33. Ikienda kilometre 3 kwa saa, inafanya metre 50 kwa dakika. Tukiacha metre 2 ku kila mwisho, kunabakia metre 21 za kulima: sekunde 25. Kugeuka ni sekunde 10. Mustari mumoja ni sekunde 35, na mara 33 ni dakika 19 hivi. Kiisha inalima ile miisho miwili kwa kukingamisha, mistari 4 huku na mistari 4 kule, dakika 5 hivi. Jumla: dakika 24, na shamba lote limelimwa.

Tulinganishe. Trakta imelima metre kare 14 kwa kila dakika. Motokiltere imelima metre kare 21 kwa kila dakika. Masini ndogo, yenye nguvu mara 5 ao 6 chini ya ile ingine, imeshinda. Sababu haiko nguvu. Sababu ni kona.

3. Hesabu ya shamba kubwa

Sasa tuchukue shamba la mahindi la urefu wa metre 200 na upana wa metre 100. Ni hekta 2. Masini ni zilezile, na mwendo ni uleule.

Trakta inapita mara 111. Kila mustari unaomba sekunde 135 za kulima na sekunde 40 za kugeuka. Tukiongeza miisho yenye italimwa kwa kukingamisha, tunapata saa 6 hivi. Siku moja ya kazi, imekwisha.

Motokiltere inapita mara 167. Inaomba karibu saa 12, maana yake siku mbili kamili. Na mutu mwenye kuiendesha? Anatembea nyuma yake zaidi ya kilometre 33, akikamata masini yenye kutetemeka. Hapa trakta imeshinda mara mbili, na mwili wa kijana umepumuzika.

Kwa hiyo kinachoamua ni urefu wa mustari. Angalieni kipimo hiki cha trakta yetu. Katika kila dakika 100 zenye inatumika:

– mustari wa metre 25: inalima dakika 20, inapoteza 80;
– mustari wa metre 50: inalima dakika 41, inapoteza 59;
– mustari wa metre 100: inalima dakika 61, inapoteza 39;
– mustari wa metre 200: inalima dakika 77, inapoteza 23.

Mazutu haingoje kona ikwishe. Moteri inaendelea kuungua wakati wa kulima na wakati wa kugeuka. Trakta ya nguvu ya farasi 70 inaweza kunywa lita 8 mpaka 12 kwa saa ikiwa katika kazi. Motokiltere ya farasi 12 inakunywa lita 1 na nusu mpaka 2 hivi.

4. Hesabu ya feza

Bei zenye tunaandika hapa ni za mufano. Komite iweke bei za kweli zenye itapata sokoni.

Tuseme motokiltere pamoja na freze inagharimu dola 3 000 na itadumu miaka 6. Kila mwaka inakula dola 500 za bei yake. Tuseme trakta yenye ilikwisha kutumika inagharimu dola 20 000 na itadumu miaka 10. Kila mwaka inakula dola 2 000. Feza hizo zinakwenda hata kama masini imelala chini ya muembe.

Motokiltere moja inaweza kulima hekta ngapi? Kwa dakika 24 inamaliza ari 5. Kwa siku ya saa 6 za kazi, ni ari 75. Lakini shamba la mupunga linaomba kupita mara mbili, ya kuvunja udongo na ya kuponda matope. Kwa hiyo ni ari 37 hivi kwa siku. Katika siku 40 za kazi inafanya hekta 15 hivi. Majira mbili kwa mwaka: hekta 30. Dola 500 tukizigawanya kwa hekta 30, ni dola 17 hivi kwa hekta.

Na trakta? Kwa kufika ku dola 17 kwa hekta, inaomba ilime karibu hekta 118 kila mwaka. Kama koperative iko na hekta 60 tu kwa mwaka, trakta inakula dola 33 kwa hekta, mbele ya kuweka hata lita moja ya mazutu, mbele ya kulipa shofere, mbele ya kununua pine. Deni halijue kama mvua ilichelewa.

Kwa hiyo komite ijiulize mbele ya yote: hekta ngapi za kweli? Si hekta zenye tunatumainia. Ni hekta zenye wamemba watalipia kulimiwa, kila majira, mwaka kwa mwaka.

Kuko njia ya tatu yenye watu wanasahau. Koperative yenye iko na vishamba vingi vya mupunga na shamba moja kubwa la pamoja inaweza kununua motokiltere mbili, na kulipa trakta ya mwenyeji mwingine siku moja ao mbili kwa mwaka juu ya lile shamba kubwa. Kulipia haiko haya. Haya ni kuwa na trakta yenye haina kazi.

5. Matope na milima

Katika shamba la mupunga lenye maji, uzito ni adui. Trakta ya tone 3 inaweza kuzama mpaka tumboni. Hata ikitoka, magurudumu yanaacha mifereji mirefu. Shamba halibakie sawasawa: huku maji ni ya magoti, kule udongo ni mukavu na majani mabaya yanaota. Motokiltere, ikivalishwa magurudumu ya chuma yenye mabawa, inatembea katika matope bila kuharibu usawa wa shamba.

Ku mulima, masini zote mbili ni za hatari. Trakta yenye kukingamisha mutelemuko mukali inaweza kupinduka na kufinya shofere. Kama udongo unashuka zaidi ya metre 15 katika kila metre 100 za mwendo, tunashauri kubakia na jembe la mukono. Fasi yenye kushuka kidogo, lima kwa kukingamisha mutelemuko, hapana kwa kuufuata, kusudi mvua isibebe udongo wenu mpaka katika muto.

Waendeshaji wa motokiltere wajue pia kitu hiki, juu kinaumiza watu: wakati masini inashuka, usukani unageuka kinyume. Ku udongo wa sawasawa, ukikamata kifimbo cha kushoto unakwenda kushoto. Lakini katika kushuka, gurudumu lenye umeachilia linakimbia kuliko lile lenye moteri inazuia, na masini inakwenda kuume. Kama huko chini ni mufereji, utajikuta ndani. Wakati wa kushuka, punguza mwendo mbele ya kufika, usiguse vile vifimbo, ongoza kwa kusukuma mikono ya masini.

6. Kabla ya kubadilisha masini, badilisha shamba

Hapa ndipo faida iko karibu zaidi, na haiombe deni.

Kwanza, lima siku zote kwa kufuata upande murefu. Shamba la metre 10 kwa 50 na shamba la metre 20 kwa 25 ni ari 5 zote mbili. Lakini lile refu linaomba kona nusu ya zile zingine. Wakati munagawa shamba mupya, mugawe marefu, hapana ya mraba.

Pili, majirani wawili wanaweza kupatana. Kama mashamba yao yanafuatana kwa urefu, waondoe digeti ya katikati wakati wa kulima, kiisha waijenge tena mbele ya kupanda. Metre 25 zinakuwa 50. Muangalie tena kipimo cha namba 3: dakika za kulima zinapanda toka 20 mpaka 41. Lakini mupaka ni kitu kinachovunja udugu. Mupige vijiti ya mupaka pande zote mbili mbele ya kubomoa, mupime kwa kamba, na mufanye hayo mbele ya mashahidi wa koperative. Kama majirani hawaaminiane, muache digeti fasi yake. Hakuna masini yenye bei ya kushinda amani.

Tatu, mutengeneze njia. Masini ngapi zinapoteza asubuhi nzima juu hazina fasi ya kupita kati ya mashamba! Njia ya upana wa metre 2 inatosha kwa motokiltere, na ku kila digeti mutie udongo wa kupandia, kusudi masini isivunje digeti kila mara.

7. Kuchunga masini na watu

Kila asubuhi: kuangalia kiwango cha mafuta ya moteri, na kujaza maji kama moteri inapozwa na maji. Mazutu ipitishwe katika kitambaa safi. Mafuta ya moteri yabadilishwe kisha kila saa 100 za kazi, ao kufuatana na kitabu cha masini. Kwa hiyo saa za kazi ziandikwe kila siku katika kaye. Masini isiyo na kaye haina baba.

Kwa kuwasha kwa manivela, kidole gumba kikae upande mumoja na vidole vingine, kisizunguke chuma. Manivela ikirudisha nyuma, itavunja mukono wa mwenye kuikumbatia. Usirudi nyuma na motokiltere wakati freze inazunguka. Zima moteri mbele ya kutoa majani ku meno. Na watoto wakae mbali.

Kazi ya kufanya katika kikundi

Mbele ya mukutano wenye kuja, komite itume watu wawili wenye kamba, saa na karatasi. Wapime mashamba 10 ya wamemba, urefu na upana. Kama kuko masini karibu, waangalie inalima na wahesabu sekunde za mustari na sekunde za kugeuka. Kwa kujua mazutu, wajaze rezervware kabisa, walime, kiisha wajaze tena kwa chupa ya lita moja wakihesabu.

Kiisha mujibu pamoja:

1. Mashamba ngapi kati ya 10 iko na urefu wa metre 100 ao zaidi? Ngapi iko chini ya metre 50?
2. Ni nani leo anamaliza miisho yenye trakta inaacha, na kazi hiyo inamuomba siku ngapi?
3. Koperative yetu iko na hekta ngapi za kweli kwa mwaka, na wamemba wangapi walilipa kulimiwa majira ya nyuma?
4. Ni majirani gani wanaweza kupatana kuunganisha mistari yao majira yenye kuja?

Majibu yaandikwe ku ukuta wa nyumba ya mukutano. Siku ile muuzishaji wa masini atakuja na picha zake nzuri, mumupeleke kwanza mbele ya ukuta ule, asome, kiisha muanze kuzungumuza bei.